Mzigo, posho na baridi: maandalizi ya misafara ya milimani kutoka Kilimanjaro hadi Virunga (1889–1932)

0. Utangulizi

Mwaka wa 1889 makundi mawili ya wasafiri yalijaribu kupanda milima miwili ya theluji iliyo karibu na ikweta. Mwezi wa Juni, luteni William Stairs, aliyekuwa katika msafara wa Stanley wa kumrudisha Emin Pasha pwani, aliondoka na Waunguja wapatao arobaini kwenda kuijaribu Ruwenzori. Alifika kwenye mita 3,250 hivi, akarudi siku ya pili. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya kilele cha Kibo, mahali pa juu kuliko pote katika Kilimanjaro.

Tofauti ya matokeo hayo haiwezi kuelezwa kwa urefu wa mlima, kwa sababu Kilimanjaro (mita 5,895) inaipita Ruwenzori (mita 5,109). Wala haiwezi kuelezwa kwa ushujaa, kwa sababu watu wa Stairs walikuwa wamekwisha kuvuka msitu wa Ituri, jambo ambalo wapanda milima wengi wasingeliweza. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyofanyika kabla ya hatua ya kwanza ya kupanda: chakula, nguo, ruhusa, majira na uteuzi wa watu.

Makala haya yanayatazama maandalizi hayo kama ushahidi wa kihistoria unaojitegemea. Kwa kawaida wanahistoria husoma habari za kilele kilichofikiwa, ramani iliyochorwa na mpaka uliowekwa. Lakini orodha ya mizigo nayo ni hati. Inaonyesha nani alihesabiwa kuwa mtu wa kulindwa na baridi, na nani alihesabiwa kuwa nguvu ya kubeba tu. Mifano inayochunguzwa inatoka Kilimanjaro, Ruwenzori na Virunga, yaani milima ambayo, wakati wa safari hizo, ilikuwa mbali na vituo vya serikali na ilikuwa ikigombaniwa na dola zaidi ya moja.

1. Msafara wa nyika na msamiati wake

Ili kuelewa maandalizi ya milimani, ni lazima kuanza na chombo kilichotumiwa, yaani msafara wa biashara wa kutoka pwani. Chombo hicho hakikubuniwa na Wazungu. Kilikuwa kimekwisha kukamilika kabla ya wao kufika, kwa kazi ya Waswahili, Wanyamwezi na watu wengine wa njia ya Unguja na Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na Maniema. Lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Kila cheo na kila kipimo kilikuwa na jina. Kirangozi alitangulia na kuijua njia. Mnyapara alisimamia kundi la wapagazi na kujibu kwa niaba yao. Askari walilinda. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi kidogo. Posho ilikuwa chakula cha siku, mara nyingi kibaba cha nafaka, au kitambaa cha kununulia chakula hicho njiani. Merikani, kaniki, shanga na masango ndizo zilizokuwa fedha. Hongo ilikuwa malipo kwa mtawala ili njia ifunguliwe.

Maneno hayo yalisafiri pamoja na watu. Katika migodi ya Katanga neno posho liliendelea kutumika kwa mgao wa chakula wa wafanyakazi, na nyampara akabaki kuwa msimamizi katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, ingawa mara nyingi alishindana na kapita, neno lenye asili ya Kireno. Msomaji wa Lubumbashi au wa Bukavu anayatambua maneno hayo hata kama hajapata kuuona msafara.

Hata hivyo, msamiati huo una pengo moja linalostahili kuangaliwa. Msafara ulikuwa chombo cha nyika na cha tambarare. Ulikuwa na neno kwa kila aina ya kitambaa cha kununulia mtama, lakini haukuwa na neno la nguo ya kumkinga mpagazi na theluji. Maneno yenyewe ya theluji na barafu yaliingia katika Kiswahili kutoka nje, la kwanza kutoka Kiarabu, la pili kutoka Kiajemi. Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, kiongozi wake hakuwa na jina maalumu la kitu kile. Alikiita baridi tu.

Watu wa milimani, kinyume chake, walikuwa na majina yao. Wakonjo wa Ruwenzori huiita theluji nzururu. Katika Kinyarwanda, jina la Karisimbi linahusishwa na isimbi, simbi nyeupe ya baharini, kwa sababu kilele cha mlima huo huonekana cheupe baada ya dhoruba. Virunga yenyewe ni milima ya moto kwa jina lake. Majina hayo yalikuwa maarifa ya hali ya hewa yaliyohifadhiwa katika lugha. Aliyetaka kujiandaa angeweza kuanza kwa kuuliza maana yake.

2. Mafunzo ya mwaka wa 1889

Watu wa Stairs walifika chini ya Ruwenzori baada ya miaka miwili ya njaa, maradhi na vita. Hawakuwa na akiba ya chakula wala mavazi ya kufaa. Walipolala usiku mmoja kwenye mteremko, baridi iliwaumiza. Asubuhi waliendelea, wakaona kwamba mabonde marefu bado yaliwatenga na theluji, na kwamba chakula kisingetosha kuyavuka. Kurudi kulikuwa uamuzi wa busara. Safari ile haikuandaliwa; ilikatwa tu kutoka katika safari nyingine iliyokuwa imekwisha kuchoka.

Hans Meyer alikuwa na faida ya kushindwa mara mbili. Mwaka wa 1887 alifika kwenye barafu ya Kibo bila vifaa vya kupandia, akazuiwa. Mwaka wa 1888 yeye na Oscar Baumann walitekwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, wakaachiliwa baada ya kulipa fidia. Kushindwa kwa kwanza kulikuwa kwa vifaa. Kwa pili kulikuwa kwa siasa. Maandalizi ya 1889 yalijibu yote mawili.

Kwa upande wa siasa, Meyer aliiacha pwani ya Pangani, ambako vita vilikuwa bado vinaendelea, akapitia Mombasa. Alipofika Uchagga alijenga urafiki na Mangi Mareale wa Marangu kwa zawadi, kwa kuwa bila yeye kusingekuwa na chakula wala njia. Kwa upande wa vifaa, alikuja na Purtscheller, mwalimu kutoka Austria aliyeuzoea mlima wa barafu.

Lakini jambo kubwa lilikuwa mpango wa kambi. Msafara mzima haukupelekwa juu. Wengi walibaki Marangu. Kundi dogo liliwekwa kwenye kambi ya kati, karibu na mwisho wa msitu, kwenye mita 2,900 hivi. Kambi ya juu, kwenye mita 4,330, ilikuwa na watu watatu tu: Meyer, Purtscheller na Muini Amani wa Pangani. Kila baada ya siku chache wapagazi walileta chakula kutoka chini.

Faida ya mpango huo ilionekana upesi. Tarehe 3 Oktoba wapandaji wawili walifika kwenye ukingo wa kreta, lakini saa zilikuwa zimekwenda, wakalazimika kushuka. Kama chakula kingekuwa kimekwisha, safari ingeishia hapo. Kwa kuwa kilikuwapo, walipumzika, wakalala mahali pa juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Siku hizo zote Muini Amani alibaki kambini, mara nyingi peke yake, akiwa mtu wa pwani katika baridi ambayo lugha yake ilikuwa na maneno machache ya kuieleza. Kitabu cha safari kilimtaja kwa jina lake, na kwa hiyo historia inamjua.

3. Ruwenzori, 1906: kubadili wapagazi

Luigi Amedeo, mwana-mfalme wa Abruzzi, aliijua baridi kwa mwili wake: katika safari yake ya Aktiki ya 1899–1900 alipoteza sehemu za vidole kwa jalidi. Alipoikusudia Ruwenzori alichagua kwanza majira. Douglas Freshfield alikuwa amefika huko Novemba 1905, wakati wa mvua, akashindwa. Msafara wa Abruzzi ulishuka Mombasa Mei 1906, ukapanda gari moshi hadi Ziwa Viktoria, ukavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha ukaenda kwa miguu hadi Fort Portal, ili uwe mlimani mwezi wa Juni.

Uamuzi wa pili ulihusu watu. Wapagazi waliotoka Entebbe walitumiwa kwa njia ya chini tu. Katika bonde la Mubuku mizigo ilichukuliwa na Wakonjo, wenyeji wa miteremko hiyo, waliojua kuishi katika mvua yake na kulala chini ya miamba. Kambi kuu iliwekwa Bujongolo, chini ya mwamba, kwenye mita 3,798. Kutoka hapo Wazungu na viongozi wao wa milima kutoka Italia waliendelea wenyewe kwenye barafu. Tarehe 18 Juni 1906 kilele cha Margherita kilifikiwa.

Kubadilisha wapagazi kulikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kulikuwa kukiri kwamba mpagazi si mgongo tu unaoweza kuhamishwa popote. Ana mwili uliozoea mahali fulani, na ana maarifa ya mahali hapo. Kwa bahati mbaya, wanasiasa hawakukiri hivyo. Makubaliano ya 1894 kati ya Uingereza na Leopold II yalitumia longitudo ya 30, mstari usioonekana na mtu yeyote mlimani. Makubaliano ya 1910 na ya 1915 yaliuhamishia mpaka kwenye mgongo wa Ruwenzori, nao ukapita katika Margherita. Kwa hiyo Wakonjo wa mashariki na Wanande wa magharibi, watu wenye lugha moja, wakawa raia wa makoloni mawili.

4. Virunga: milima iliyogawanywa kabla ya kuonekana

Hakuna mahali ambapo siasa iliutangulia usafiri kama katika Virunga. Speke aliviona vilele hivyo kwa mbali mwaka wa 1861, akiwa Karagwe, na jina Mfumbiro likaingia katika ramani za Ulaya. Mwaka wa 1885 Dola Huru la Kongo lilitangaza mpaka wake kwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganika hadi longitudo ya 30 kwenye latitudo 1°20' kusini. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliongeza sharti kwamba mlima Mfumbiro utahesabiwa kuwa katika eneo la Waingereza hata ukionekana kuwa kusini ya mpaka. Watu walikuwa wakigawana milima ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeikanyaga.

Mwaka wa 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda, akaonana na Mwami Kigeri Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kufika kwenye Ziwa Kivu. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba mstari wa 1885 haukulingana na nchi. Baada ya uasi wa Batetela wa 1897 kulidhoofisha Dola Huru upande huo, Wajerumani walisogea mbele. Mkataba wa Bethe na Hecq wa Novemba 1899 uliruhusu vituo vya pande zote mbili viendelee hadi suluhu ipatikane. Suluhu hiyo haikupatikana hadi mkutano wa Brussels wa Mei 1910, baada ya Waingereza nao kutuma kikosi mwaka wa 1909.

Kwa msafiri wa miaka hiyo, barua moja haikutosha. Alihitaji idhini ya Wajerumani, idhini ya Dola Huru la Kongo, na neno la Mwami wa Rwanda, ambaye wajumbe wake waliwaagiza wenyeji walete chakula. Hata neno la Mwami halikuwa na nguvu sawa kila mahali. Koo za kaskazini, chini ya volkano, zilikuwa zikipinga mamlaka ya baraza la Nyanza, na kwao mgeni aliyekuja na mjumbe wa Mwami alikuja upande mmoja wa ugomvi. Mwaka wa 1910 padre Loupias aliuawa na watu wa Rukara katika Mulera alipoingia katika mashauri ya namna hiyo. Chakula kilicholetwa kwa amri kilikuwa posho kwa msafiri, lakini kwa mkulima kilikuwa kodi.

5. Karisimbi, 1908

Katika hali hiyo ndipo ulipofika msafara wa kisayansi wa Adolf Friedrich, mwana wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, mwaka wa 1907. Kwa kipimo cha elimu, ulikuwa umeandaliwa vizuri sana. Alikuwamo mtaalamu wa mimea, Mildbraed, wa wanyama, Schubotz, wa miamba, Kirschstein, wa mila na lugha, Czekanowski, mchora ramani, Weiss, na daktari. Idhini zilipatikana. Mwami Yuhi Musinga aliwapokea Nyanza. Msafara ulipita Kivu, ukaichunguza Virunga, ukaelekea Ituri, na hatimaye ukaifuata njia ya mto Kongo hadi Boma mwaka wa 1908.

Kirschstein alikaa miezi mingi kwenye volkano. Akiwa Karisimbi, mlima wenye mita 4,507, kikosi chake kilikutwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji katika kreta yenye majimaji iliyopewa jina la Branca. Wapagazi ishirini walikufa kwa baridi.

Tukio hilo linastahili kutazamwa bila haraka. Mpagazi wa kawaida wa wakati ule alisafiri na kitambaa cha kiunoni na, akibahatika, blanketi moja. Blanketi likilowa halina faida. Moto hauwaki katika kinamasi wakati wa dhoruba. Mtu aliyebeba kilo thelathini hutoka jasho anapopanda, na akisimama jasho hilo hugeuka baridi juu ya ngozi. Mwili unaotetemeka hutumia chakula upesi, na posho iliyopimwa kwa safari ya nyika haitoshi. Baridi ikizidi, mtu hupoteza hamu ya kwenda, hulala chini, na kumlazimisha asimame huwa vigumu. Kwa macho ya mgeni hali hiyo ilionekana kuwa kukata tamaa. Elimu ya tiba inaijua leo kuwa dalili ya mwili uliokwisha kushindwa.

Dhoruba haikuwa siri. Jina la mlima lilikuwa limeitaja. Mapokeo ya Ryangombe nayo yanauweka mlima huo miongoni mwa makao ya roho, mahali ambapo mtu haendi bila sababu. Waandishi wengi wa kikoloni waliita woga wa wapagazi ushirikina. Lakini katazo la dini linaweza kuwa pia ghala la uzoefu: kizazi baada ya kizazi, watu walioenda juu bila kujiandaa hawakurudi.

Si kweli kwamba ujuzi wa kuzuia vifo hivyo haukuwapo. Karibu miongo miwili kabla yake, Meyer alikuwa amewaacha watu wake wengi chini ya mstari wa baridi kali. Miaka miwili kabla yake, Abruzzi alikuwa amekabidhi mizigo kwa wenyeji wa mlima. Katika Karisimbi msafara wa nyika ulipandishwa mlimani kama ulivyokuwa.

Kuna jambo jingine linalobaki. Majina ya wataalamu wa msafara ule yamehifadhiwa. Jina la Mildbraed limeingia hata katika majina ya mimea. Waliokufa Karisimbi wanatajwa kwa idadi. Mnyapara aliwajua kwa majina, kwa sababu bila majina asingeweza kugawa posho. Maarifa hayo yalikuwapo kambini asubuhi ile, na hayakuvuka kuingia kitabuni.

6. Njia ya Butahu, 1932

Safari ya kisayansi ya Wabelgiji iliyoongozwa na Xavier de Grunne mwaka wa 1932 inaonyesha mabadiliko. Ilipanda Ruwenzori kutoka upande wa Kongo, kwa bonde la Butahu. Njia inayojulikana upande huo huanzia Mutwanga na kupita Kalonge, Mahangu na Kiondo, kutoka mita 2,100 hivi hadi mita 4,200 hivi, ili mwili upate kuuzoea mlima kwa hatua. Utaratibu huo wa kambi za ngazi ndio uleule wa 1889, sasa ukiwa umetulia juu ya ardhi. Wabebaji walikuwa watu wa miteremko hiyo. Mpaka ulikuwa umekwisha kuwekwa, na hifadhi ya Albert ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1925. Lakini amani hiyo ya njia ilikuwa amani ya koloni: mwenyeji alipata kazi ya kubeba katika mlima ambao sheria mpya zilikuwa zikipunguza haki yake ya kuwinda na kukata mti.

7. Hitimisho

Kutokana na mifano hii, mambo matatu yanaweza kuthibitishwa. Kwanza, katika milima inayogombaniwa, ruhusa ni sehemu ya maandalizi kama chakula kilivyo, na ruhusa ya serikali haichukui nafasi ya ridhaa ya wenyeji. Pili, safari zilizofanikiwa hazikuwa zile zenye wataalamu wengi, bali zile zilizokubali kwamba kila mwili una kikomo chake na zikaweka kambi, chakula na watu kulingana na kikomo hicho. Tatu, lugha za milimani zilikuwa na maarifa ambayo msafara, pamoja na utajiri wake wa Kiswahili, haukuyachota.

Milima hiyo haijatulia. Tangu mwaka wa 1994 Virunga imepitiwa na wakimbizi na majeshi, na Januari 2025 Goma yenyewe ilitekwa na M23. Watafiti na wanafunzi bado wanapanga safari za kwenda vijijini chini ya volkano na chini ya Ruwenzori, na bado wanachukua wachukuzi, madereva na wakalimani. Orodha zao za safari zitasomwa siku moja na wanahistoria wengine. Ni vema katika orodha hizo kila anayekwenda aandikwe kwa jina lake, na mbele ya jina hilo iandikwe nguo yake, posho yake na njia yake ya kurudi.